Kipa aliyemtoa kipa: maisha mawili ya Patrick Roy

Usiku wa Aprili 17, 2014, mjini Denver, Marekani, zilikuwa zimesalia takriban dakika tatu mchezo umalizike. Colorado Avalanche walikuwa nyuma kwa mabao 4–3 dhidi ya Minnesota Wild, katika mchezo wao wa kwanza wa mtoano wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini. Kocha wa Colorado akamwita kipa wake, Semyon Varlamov, atoke. Varlamov akateleza mbio hadi benchi, mshambuliaji wa ziada akaruka kuingia, na nyuma yao lango likabaki wazi.

Kwa asiyeujua mchezo huu hilo ni jambo la kushangaza, lakini sheria inaliruhusu. Kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwa mmoja wao, na kocha anaweza kumtoa wakati wowote akaweka mshambuliaji badala yake. Hatari yake haihitaji kuelezwa sana. Mpinzani akikinasa kile kisahani cha mpira mgumu anaweza kukipiga kutoka nusu yake mwenyewe hadi wavuni. Ndiyo maana makocha wengi wa wakati ule walisubiri dakika ya mwisho, au zaidi ya hapo kidogo. Dakika tatu zilionekana ni wazimu. Colorado wakalizingira lango la Minnesota, na zikiwa zimebaki sekunde 13 Paul Stastny akasawazisha. Katika muda wa nyongeza, Stastny huyo huyo akafunga la tano na kumaliza kazi.

Kocha aliyetoa amri ile ni Patrick Roy. Kwa miaka 18 alikuwa amesimama katika lango la aina hiyo, akapata ushindi mwingi kuliko kipa yeyote aliyemtangulia. Mtu unayemtarajia alitetee lango hadi dakika ya mwisho ndiye aliyewafundisha wenzake kuliacha mapema. Leo timu za NHL huwatoa makipa zikiwa zimebaki dakika mbili au tatu, na hakuna anayeshtuka. Wataalamu wa takwimu walikuwa wamelisema jambo hilo kwenye karatasi kabla yake, ila ilihitajika mtu wa benchi mwenye moyo wa kulifanya mbele ya umati wa watu waliolipa kiingilio.

Roy alizaliwa Oktoba 5, 1965, katika mji wa Quebec, Kanada. Huko hoki ni sehemu ya malezi kama ilivyo kandanda kwetu. Alicheza ligi ya vijana na timu ya Granby, timu dhaifu iliyofungwa kila kukicha, na hilo likawa darasa lake. Kipa wa timu nzuri hupigiwa mara 20 au 25 kwa mchezo. Kipa wa Granby alipigiwa mara mbili ya hapo siku mbaya zilipokuja, na zilikuja nyingi. Mwaka 1984 Montreal Canadiens, klabu yenye makombe mengi kuliko zote, wakamchukua katika ugawaji wa vijana akiwa wa 51 kuitwa. Hamsini walitajwa kabla yake.

Klabu ikampeleka timu yake ndogo ya Sherbrooke. Huko akakutana na François Allaire, kocha wa makipa ambaye jina lake halijulikani nje ya mchezo huu ingawa lilistahili. Lango la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Kisahani kina uzito wa gramu 170 hivi, hugandishwa kabla ya mchezo ili kisidundedunde, na kinaweza kuja kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Makipa wa zamani walisimama wima na kutegemea wepesi wa mikono na miguu. Allaire alifikiri kwa hesabu. Mashuti mengi huja chini, kwa hiyo kipa apige magoti, miguu aitandaze pande zote mbili kama mabawa ya kipepeo, aifunike sehemu yote ya chini, na kiwiliwili kikae wima kufunga sehemu ya juu. Roy hakuuvumbua mtindo wa kipepeo. Glenn Hall na Tony Esposito, makipa waliomtangulia, walikuwa na namna zao za kuushusha mwili. Kilichoongezwa na Roy na Allaire ni kuugeuza kuwa mfumo unaofundishika hatua kwa hatua, na kizazi kizima cha makipa wa Quebec kikaufuata. Kipa yeyote wa hoki unayemwona leo akishuka magotini ameipata mbinu hiyo kwa njia moja au nyingine kutoka kwa watu hao wawili.

Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 20, Roy aliiongoza Montreal kutwaa Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL, na akapewa tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mtoano. Hadi leo hakuna aliyeipata akiwa mdogo kuliko yeye. Alizungumza na nguzo za lango lake wakati wa mchezo. Aliiruka mistari ya rangi iliyochorwa kwenye barafu, asiikanyage. Mashabiki wakampa jina la Mtakatifu Patrick. Mwaka 1993 akalitwaa kombe tena, safari hii kwa njia ambayo sidhani kama itarudiwa. Katika mtoano ule Montreal walipoteza mchezo wao wa kwanza ulioingia muda wa nyongeza, kisha wakashinda 10 mfululizo katika muda wa nyongeza. Katika muda huo bao moja humaliza kila kitu, kwa hiyo kila shuti aliloelekezewa lilikuwa ama uhai ama kifo, na yeye akakaa mchezo baada ya mchezo bila kuruhusu. Katika fainali dhidi ya Los Angeles Kings ya Wayne Gretzky, kamera zilimnasa akimkonyeza mshambuliaji Tomas Sandstrom baada ya kumnyima bao.

Halafu ikaja Desemba 2, 1995.

Ilikuwa Jumamosi, katika uwanja wa zamani wa Forum mjini Montreal, na wageni walikuwa Detroit Red Wings. Kocha wa Montreal alikuwa Mario Tremblay, aliyewahi kucheza na Roy kwenye timu ile ile, na aliyepewa kazi wiki chache tu kabla ya hapo bila kuwahi kufundisha timu. Wawili hao hawakuelewana tangu mwanzo. Detroit wakaanza kufunga. Tatu, nne, tano. Desturi ya hoki ni kwamba kipa akielemewa hivyo kocha humtoa, na hilo si adhabu. Ni kumstahi. Tremblay hakumtoa. Mabao yakaendelea. Ilifika mahali Roy akazuia shuti jepesi na mashabiki wa nyumbani wakampigia makofi ya kejeli, naye akainua mikono yote miwili juu kuwajibu. Alipotolewa, katikati ya kipindi cha pili, alikuwa amefungwa mabao 9 katika mashuti 26. Mchezo uliisha 11–1.

Alipofika benchi akampita Tremblay bila neno, wakatazamana, kisha akageuka na kwenda moja kwa moja kwa rais wa klabu, Ronald Corey, aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi. Akamwambia kwamba huo ulikuwa mchezo wake wa mwisho Montreal. Ukawa wa mwisho kweli. Siku nne baadaye alipelekwa Colorado pamoja na nahodha Mike Keane, kwa kubadilishana na wachezaji watatu. Colorado yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza imehama kutoka Quebec, mji aliozaliwa, ilikoitwa Nordiques. Hivyo watu wa Quebec walimpata shujaa wao katika timu yao ya zamani miezi michache baada ya timu hiyo kuwaacha.

Ninauona usiku ule kama mwanzo wa ukocha wa Roy, ingawa alikuwa na miaka mingine saba ya kucheza. Hapo ndipo alipoona kwa macho yake kocha anaweza kumfanya nini mchezaji bila kumgusa wala kumtolea neno. Kosa la Tremblay halikuwa la mbinu. Alimwacha mtu peke yake mbele ya maelfu ya watu ili ajifunze nani mkubwa. Na kosa la Roy, ambalo mashabiki wake huliruka, ni kwamba alijibu kwa kuiacha timu nzima. Nahodha na kipa wakaondoka kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili. Tangu mwaka 1993 Montreal haijalishika tena Kombe la Stanley.

Roy alilishika tena baada ya miezi sita. Colorado waliwafagia Florida Panthers katika fainali ya 1996, na mchezo wa nne ulikwenda hadi muda wa nyongeza wa tatu kabla ya kwisha 1–0. Roy alizuia mashuti 63 usiku ule. Mwaka 2001 akatwaa kombe la nne, wakiifunga New Jersey Devils katika michezo saba, na Conn Smythe ya tatu, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia. Alistaafu mwaka 2003 akiwa na ushindi 551 wa ligi na 151 wa mtoano. Rekodi ya kwanza ilivunjwa na kipa Martin Brodeur mwaka 2009. Ya pili ipo palepale. Aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa hoki mwaka 2006.

Kwa kawaida habari ya kipa huishia hapo. Katika soka tunawakumbuka makipa waliogeuka makocha, Dino Zoff aliyeifikisha Italia fainali ya Euro 2000, na Nuno Espírito Santo, lakini ukiendelea kuhesabu vidole vinabaki. Katika hoki ni hivyo hivyo. Kuna Emile Francis, kuna Gerry Cheevers wa Boston, kuna Ron Low, na wengine wachache. Kipa akistaafu hupewa kazi ya kuwafundisha makipa wenzake na huachwa hapo. Hata Jacques Plante, yule aliyeleta kinyago cha usoni mwaka 1959 baada ya kupasuliwa uso na shuti mjini New York, na aliyekuwa na akili ya mchezo kuliko makocha wengi, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake ya baadaye akiwa mwalimu wa makipa.

Viongozi wa klabu hudhani kwamba kipa anajua lango lake tu. Siafikiani nao. Washambuliaji na mabeki wa hoki huingia na kutoka kila baada ya sekunde 40 au 50 kwa sababu ya uchovu, na muda mwingi macho yao yako kwenye kisahani. Kipa hatoki. Anautazama uwanja wote ukiwa mbele yake kwa dakika 60, anaona beki gani anachelewa kurudi, nani anaogopa kona, pengo linafunguka wapi kabla halijawa bao. Ndiye anayejua makosa ya kila mtu, kwa sababu yote humfikia yeye. Tatizo la kipa anayetaka ukocha liko kwingine. Amezoea kujitegemea. Kazi yake imemfundisha kwamba mambo yakiharibika, mtu wa mwisho wa kuyaokoa ni yeye. Kocha hawezi kuzuia shuti hata moja. Inabidi awaamini wengine wakosee na wajirekebishe, naye amesimama akitazama. Kwa Roy, hilo lilichukua muda mrefu.

Alianza nyumbani. Msimu wa 2005–06, akiwa mmiliki mwenza na meneja wa Quebec Remparts, timu ya vijana wa miaka 16 hadi 20, akachukua na ukocha mkuu. Msimu huo huo walitwaa Kombe la Memorial, kombe la juu kabisa la hoki ya vijana Kanada. Kama angeishia hapo tungesema ukocha ulimjia kirahisi.

Haukumjia kirahisi. Machi 2008, katika mchezo wa mtoano dhidi ya Chicoutimi, vurugu ilizuka uwanjani, na mwanawe Roy, aliyekuwa kipa wa Remparts, akavuka uwanja mzima akamshambulia kwa ngumi kipa wa upande wa pili ambaye hakutaka kupigana. Picha zilionyesha kana kwamba baba alimpa ishara aende. Roy alikana. Ligi ilimfungia mtoto michezo 7 na baba 5, na kesi ikafika mahakamani. Serikali ya Quebec ikaingilia kati kudai sheria kali zaidi dhidi ya ngumi katika hoki ya vijana. Sioni namna ya kulipamba jambo hilo. Wale ni watoto wa watu, waliokabidhiwa kwa kocha na wazazi wao, na mtu mzima aliye benchini ndiye anayepaswa kuwa na damu baridi kuliko wote. Hasira iliyomfaa kipa wa Montreal haikuwa na nafasi pale.

Alipoitwa na Colorado mwaka 2013, watu walisubiri waone ni Roy yupi atakayekuja. Walipata jibu mchezo wa kwanza. Colorado waliichapa Anaheim 6–1, na mwishoni Roy akamfokea kocha mwenzake Bruce Boudreau huku akiusukuma ukuta wa kioo uliotenganisha mabenchi hadi ukayumba. Faini dola 10,000. Lakini wachezaji wake waliliona tukio lile kwa jicho jingine. Mshambuliaji wao wa miaka 18, Nathan MacKinnon, alikuwa amechezewa rafu ya goti katika mchezo ule, na kocha alikuwa amesimama upande wake. Timu iliyomaliza karibu na mkia msimu uliotangulia ikashinda michezo 52, ikapata pointi 112, na Roy akapewa tuzo ya Jack Adams ya kocha bora.

Ndani ya mafanikio yale kulikuwa na jambo lililozungumzwa kidogo. Roy alimleta François Allaire awafundishe makipa wa Colorado. Mzee yule yule wa Sherbrooke. Varlamov, kipa mwenye kipaji aliyekuwa akiruka huku na huko, akatulizwa, akafundishwa kukaa ndani ya eneo lake na kuacha kisahani kimjie. Akamaliza msimu akiwa na ushindi 41 na akawa miongoni mwa watatu waliowania tuzo ya Vezina ya kipa bora. Pengine hilo ndilo somo bora kuliko yote ambalo Roy alilitoa Colorado. Mtu mwenye jina kama lake alijua kwamba kazi ya kumfundisha kipa haikuwa yake, akampisha anayeiweza.

Mtoano ule wa 2014 Minnesota walijikusanya na kuwatoa Colorado katika mchezo wa saba, muda wa nyongeza. Misimu miwili iliyofuata Colorado hawakufuzu hata kuingia mtoano. Agosti 11, 2016, wiki chache kabla ya mazoezi ya msimu mpya, Roy akajiuzulu akilalamika kwamba sauti yake haikusikilizwa katika usajili. Mlango ukafungwa kwa kishindo kile kile cha Montreal, na walioachwa nyuma safari hii pia walikuwa wachezaji. Colorado ilimaliza msimu uliofuata ikiwa ya mwisho kabisa katika ligi, kwa pointi 48.

MacKinnon alibaki, akaja kutwaa Kombe la Stanley mwaka 2022. Wasomaji wa Nairobi huenda wanamjua kwa sababu nyingine. Mwaka 2018, vijana wa Kenya Ice Lions, wanaofanya mazoezi katika kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa, walialikwa Kanada, na waliovaa jezi zao kucheza pamoja nao walikuwa Sidney Crosby na MacKinnon. Kenya sasa ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Januari 2024 Roy alirudi NHL kuifundisha New York Islanders. Aliyempa kazi ni Lou Lamoriello, meneja wa ile New Jersey ambayo Roy aliinyima kombe mwaka 2001. Na kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Varlamov, sasa mtu mzima wa miaka 35. Timu ilikuwa inayumba, ikafuzu mtoano, na Roy akamkabidhi Varlamov lango mbele ya Ilya Sorokin, aliyekuwa kipa namba moja. Carolina waliwatoa katika michezo mitano. Ukihesabu kwa kombe na mtoano, ukocha wake wa NHL katika vituo hivyo viwili una upungufu mkubwa. Hakushinda hata raundi moja, si 2014, si 2024.

Kwa hiyo ukitaka kujua Roy ni kocha wa namna gani, usiende Denver wala New York. Nenda Quebec, mwaka 2018, alipowarudia Remparts baada ya kuiacha Colorado. Hakukuwa na kamera za Marekani wala mishahara ya mamilioni. Kulikuwa na safari ndefu za basi kwenye theluji, vijana wanaosoma mchana na kufanya mazoezi jioni, na mashabiki waliojaza ukumbi mkubwa wa mji uliojengwa kwa matumaini kwamba timu ya NHL ingerudi. Wengi walidhani amekuja kupumzika. Alikaa misimu mitano. Alisajili, akasubiri, akauza wachezaji pale ilipobidi, akaijenga timu taratibu kwa uvumilivu ambao Tremblay asingeamini kama angeuona. Masika ya 2023 wakatwaa ubingwa wa ligi yao, wakaenda Kamloops, magharibi ya mbali ya Kanada, na Juni 4 wakaifunga Seattle Thunderbirds 5–0 katika fainali ya Kombe la Memorial.

Hakuna hata mmoja wa vijana wale aliyekuwa amezaliwa Roy alipolinyanyua Kombe la Stanley la mwisho mwaka 2001. Walimjua kama kocha tu. Na safari hii aliaga msimu ukiwa umekwisha na kazi imekamilika, bila kugombana na mtu.